Siku 25 kwa miguu: Delano hadi Sacramento, 1966

Machi 17, 1966, vibarua wapatao 70 wa mashamba ya zabibu waliondoka mji mdogo wa Delano, California, wakielekea Sacramento, makao makuu ya jimbo. Walitembea maili 300 na ushei, karibu kilomita 500, wakafika Jumapili ya Pasaka, Aprili 10. Yafuatayo ni mwenendo wa safari hiyo kituo kwa kituo: walivyojipanga, kilichowakwamisha, na historia iliyolala chini ya kila mji waliopitia. Bonde la Kati la California, walilopitia, limelimwa na watu waliotoka mbali, wimbi baada ya wimbi, na karibu kila wimbi liliwahi kutumika kama fimbo ya kulichapia lililotangulia.

Kabla ya kuondoka

Mgomo wenyewe ulikuwa na miezi sita. Ulianzishwa na Wafilipino. Usiku wa Septemba 7, 1965, wanachama wa AWOC, chama cha vibarua wa mashamba, wakiongozwa na Larry Itliong walikutana katika ukumbi wa jumuiya ya Wafilipino mjini Delano, wakapiga kura, na alfajiri ya tarehe 8 hawakuingia shambani. Madai yao yalikuwa mawili: dola 1.40 kwa saa na senti 25 kwa kila kasha la zabibu. Kiwango hicho hakikutoka hewani. Serikali ya Marekani ilikuwa imeagiza kwamba braceros, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Meksiko, walipwe dola 1.40, na kule Coachella, kusini zaidi, Wafilipino walikuwa wamegoma majira ya kuchipua wakapata kiwango hicho hicho. Zabibu za Delano zilipoiva, wenye mashamba wakataka kuwarudisha chini.

Mkulima wa Tanga atawaelewa braceros upesi akisikia neno manamba. Mpango wao ulianza 1942 na kufungwa mwisho wa 1964. Kibarua aliletwa kwa mkataba wa muda na mwajiri mmoja, na akilalamika alirudishwa kwao. Maadamu watu hao walikuwepo, mgomo wa vibarua wa California ulikuwa rahisi kuvunja. Kufungwa kwa mpango ndiko kulikofungua mlango wa 1965.

Lakini mlango wa pili ulibaki umefungwa. Sheria ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ya 1935, iliyowapa wafanyakazi wa viwandani haki ya kupiga kura kuchagua chama na kumlazimisha mwajiri kukaa mezani, iliwaacha nje vibarua wa mashamba kwa maneno ya wazi. Mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika zabibu alikuwa na haki hiyo. Aliyezichuma hakuwa nayo. Hapo ndipo penye fundo la safari nzima.

Wenye mashamba walikuwa na desturi ya zamani: Wafilipino wakigoma, leta Wameksiko, Wameksiko wakigoma, leta Wafilipino. Kwa hiyo Itliong alikwenda kwa César Chávez na Dolores Huerta, viongozi wa NFWA, chama ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wameksiko. Chávez alijiona hajawa tayari, akiamini chama chake kilihitaji miaka kadhaa zaidi. Hata hivyo Septemba 16, katika kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe mjini Delano, wanachama wake walipiga kura kujiunga. Tarehe hiyo huadhimisha uhuru wa Meksiko, na ilichaguliwa kwa makusudi.

Kwa nini waandamane Machi? Sababu imo katika mzabibu. Mavuno yanakwisha msimu wa vuli, upogoaji unafanyika majira ya baridi, na Machi machipukizi ndiyo kwanza yanatoka. Mgomaji anayesimama kando ya shamba lisilo na wavunaji hana wa kumwita atoke, na mpiga picha hana cha kupiga. Tangu Desemba 1965 chama kilikuwa kikihimiza watu wa mijini wasusie bidhaa za Schenley, kampuni kubwa ya pombe yenye mashamba ya zabibu Delano. Shabaha hiyo ilichaguliwa vizuri: zabibu zilikuwa sehemu ndogo tu ya mapato ya Schenley, ila jina lake lilikuwa kwenye chupa katika kila duka la mvinyo. Kususia kulihitaji habari, na habari zilihitaji jambo linalosogea.

Siku ya 1, Alhamisi Machi 17: Delano

Siku moja kabla, Seneta Robert Kennedy alikuwa Delano na kamati ndogo ya Seneti. Mkuu wa polisi wa wilaya alipoeleza kwamba huwakamata wagomaji kabla hawajatenda kosa ili kuzuia fujo, Kennedy alimshauri atumie mapumziko ya chakula cha mchana kuisoma Katiba. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 17 waandishi wa habari walikuwa bado mjini.

Msafara ulipotaka kupita katikati ya mji, polisi walijipanga barabarani kuwazuia: hakuna kibali cha maandamano. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Wagomaji hawakusukuma wala kurudi nyuma. Walisimama mbele ya mstari wa polisi, wengine wakapiga magoti, wakaimba, kamera zikiwaka. Saa zikapita, takriban tatu, mpaka wakuu wa mji wakatambua kwamba picha zile zinawaumiza wao. Njia ikafunguliwa.

Mpangilio ulikuwa huu. Mbele kabisa bango la Bikira Maria wa Guadalupe, kisha bendera ya Marekani na ya Meksiko, kisha bendera nyekundu za chama zenye tai mweusi ndani ya duara jeupe. Watu walifuata kwa mstari mwembamba kando ya lami, na manahodha wakipita huku na huku kuhakikisha hakuna anayejitanua barabarani. Mstari mwembamba una faida mbili: polisi hawapati kisingizio cha kusema mnazuia magari, na watu 70 wakijinyoosha mmoja mmoja, dereva anawaona kwa muda mrefu. Kauli mbiu ilikuwa maneno matatu: hija, toba, mapinduzi. Ilikuwa Kwaresima, na watu wengi wa bonde walijua hija ni nini bila kuelezwa. Si wote waliopenda sura hiyo ya Kikatoliki. Chama kilikuwa na Waprotestanti na wasio na dini, na wachungaji wa Kiprotestanti walikuwa miongoni mwa watetezi wake wa mwanzo kabisa.

Siku za mwanzo: Ducor, Porterville, Lindsay, Farmersville, Visalia

Njia fupi ya kwenda kaskazini ni Barabara Kuu ya 99. Hawakuanza nayo. Walielekea kwanza mashariki, Ducor, kisha Porterville na Lindsay, kwenye machungwa na mizeituni. Sababu ni kwamba vibarua wanaishi kwenye vijiji hivyo, na safari ilikuwa ya kuwafikia wao kabla ya kumfikia gavana. Ukipima kwa ramani utaona wamejiongezea mwendo. Ukipima kwa watu waliojiandikisha jioni, hesabu inabadilika.

Miguu ndiyo iliyoanza kusaliti. Mtu anayeinama shambani saa kumi ana mgongo na mikono ya chuma, lakini lami si udongo. Kiatu cha shambani ni kizito, kisigino chake hakikunji, na ndani soksi iliyolowa jasho inasugua mpaka malengelenge yanatoka. Tena barabara imeinuliwa katikati ili maji yateremke, kwa hiyo anayetembea ukingoni kutwa nzima mguu wake mmoja uko chini kuliko mwingine. Kifundo na goti la upande mmoja ndivyo vinavyovimba. Lengelenge lisilopasuka huachwa na ngozi yake, likafungwa kitambaa safi, na kiatu kikabadilishwa. Likipasuka na mtu akaendelea ndani ya soksi ile ile, kesho yake ni homa. Chávez mwenyewe alivimba mguu tangu siku za kwanza, akapata homa, akalazimika kupanda gari lililofuata msafara, kisha akarudi barabarani akitegemea fimbo. Muuguzi wa chama alikuwa na kazi kila kituo.

Wastani ulikuwa kilomita 20 kwa siku. Si mwendo mkubwa kwa siku moja. Kwa siku 25 mfululizo ni mkubwa sana. Machi iliwasaidia, maana bonde bado lina ubaridi. Chama kilipotembea tena kutoka Delano hadi Sacramento, Agosti 2022, kwa siku 24, kilikutana na joto la kiangazi, na hapo adui si lengelenge tena bali jua: mwendo wa alfajiri, maji kwa kila mtu, na kivuli kilichopangwa kabla.

Nyuma ya watembeaji kulikuwa na msafara usioonekana. Kikosi cha mbele kilitangulia kwa gari kwenye mji wa kesho, kikatafuta ukumbi au kanisa, kikahesabu nyumba zitakazopokea wageni wa kulala, kikapanga nani anapika. Marshall Ganz, kijana aliyetoka kwenye harakati za haki za Weusi kule Mississippi, alikuwa mmoja wa waratibu. Kazi hiyo ikiharibika, watu 70 wanafika mjini jioni wamechoka na hakuna mlango. Ikienda sawa, familia ya kibarua inapika maharage na chapati za mahindi kwa wageni watano, na usiku huo jirani zake wanasikia mgomo ukisimuliwa mezani kwao.

Kila jioni palikuwa na mkutano. Jukwaa mara nyingi lilikuwa bodi ya lori lisilo na kuta. Waigizaji wa El Teatro Campesino, kundi lililoanzishwa na Luis Valdez mwaka uliotangulia, walipanda na kibao kimefungwa shingoni kwa kamba: huyu kimeandikwa bwana shamba, huyu mgomaji, yule msaliti wa mgomo. Hapakuhitajika pazia wala mavazi. Mtazamaji asiyejua kusoma alimtambua bwana kwa mwendo wake tu. Kisha Valdez alisoma Plan de Delano, tangazo la madai lililofuata mfano wa tangazo la Emiliano Zapata, na mwisho umma ukaimba. Walioamka kesho yake na kuchukua bendera walikuwa wengi kuliko walioingia mjini.

Kuelekea Fresno

Baada ya Visalia njia inapita Cutler, Parlier na Malaga. Huku zabibu nyingi si za mezani bali za kukaushwa. Msimu ulipofika zilitandazwa juani katikati ya mistari ya mizabibu, na mchumaji alilipwa kwa karatasi moja ya matandazo, kwa hiyo watoto nao waliingizwa shambani ili karatasi ziongezeke.

Fresno ulikuwa mji mkubwa wa kwanza. Umati uliwapokea, na mkutano ukafanyika Azteca, jumba la sinema la Kihispania katika mtaa wa zamani wa Wachina. Mahali hapo pana maana yake. Wachina walijenga reli, wakachimba mifereji, na mwaka 1882 sheria ya Marekani ikawafungia mlango wa kuingia. Nafasi yao mashambani ikajazwa na Wajapani. Mtaa ule ng'ambo ya reli ulikuwa wa waliokataliwa sehemu nyingine za mji, na mwaka 1966 ndio uliowapa wagomaji ukumbi.

Madera, Chowchilla, Merced, Livingston, Turlock

Sasa msafara umeshika mkondo wa 99 na magari yanapita kwa kasi. Mengine yanapiga honi za salamu, mengine matusi.

Anayeijua historia hawezi kupita hapa haraka. Fresno, Merced, Turlock, Stockton: kila mmoja wa miji hii mwaka 1942 ulikuwa na kituo cha kukusanyia Wajapani, vingi vikiwa viwanja vya maonyesho vilivyozungushiwa seng'enge. Amri ya Rais ya Februari 19, 1942 iliwaondoa makwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa kuzaliwa, na kuwapeleka kambini. Livingston ulikuwa na makazi ya wakulima Wajapani tangu mwanzo wa karne. Sheria ya jimbo ya 1913 ilimkataza mgeni "asiyestahili uraia" kumiliki ardhi ya kilimo, na kwa kuwa Mjapani wa kuzaliwa Japani hakuruhusiwa kuomba uraia mpaka 1952, familia nyingi ziliandikisha shamba kwa jina la mtoto aliyezaliwa Marekani. Fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyenusurika, pamoja na radhi rasmi, ilikuja 1988. Walioandamana 1966 walikanyaga ardhi hiyo miaka 24 tu baada ya kambi, na wazee waliokutana nao barabarani walikumbuka.

Modesto

Modesto ni mji wa kampuni ya mvinyo ya Gallo, na safari ya 1966 ilipita bila Gallo kutia saini chochote siku ile. Mkataba na chama cha Chávez ulikuja 1967, ukapotea 1973 kampuni ilipohamia chama cha Teamsters, na Februari 1975 maelfu walitembea tena, safari hii kutoka San Francisco hadi hapa, maili 110. Miezi michache baadaye, Juni 1975, California ilipitisha Sheria ya Mahusiano ya Kazi Mashambani, ikiwapa vibarua kura ya siri iliyokataliwa 1935. Aliyetia saini ni Gavana Jerry Brown, mwana wa gavana yule aliyetembelewa kwa miguu 1966. Sheria hiyo inamlinda kibarua awe na karatasi za uhamiaji au asiwe nazo.

Hapa lazima ukweli mchungu usemwe, maana wanaoipenda historia hii mara nyingi huuruka. Katika miaka ya sabini ya mwanzo chama kile kile cha Chávez kiliwaripoti kwa maafisa wa uhamiaji wafanyakazi wasio na karatasi walioletwa kuvunja migomo, na mwaka 1974 watu wake waliweka mstari wa doria mpakani Arizona ambako wavukaji walipigwa. Ile fimbo ya kuchapana, ambayo Itliong na wenzake waliivunja Septemba 1965, iliokotwa upya na mikono ya wahanga wake. Baadaye chama kiligeuka, kikawa mtetezi wa wasio na karatasi, na mwaka 1994 wapiga kura wa jimbo walipopitisha Pendekezo la 187 la kuwanyima shule na matibabu, kilikuwa upande wa wapinzani. Mahakama ililizuia. Waliodhurika mpakani hawakurudishiwa kitu.

Wiki Kuu: Stockton

Stockton maelfu walijaa barabarani na maua. Hakuna mji wa bonde wenye tabaka nyingi kama huu. Masingasinga kutoka Punjab, India, walifungua hapa hekalu lao mwaka 1912, la kwanza Marekani. Wafilipino walikuwa na mtaa wao, Little Manila, wenye vinyozi, kumbi na mabweni ya wachumaji wa asparaga. Picha ya miaka ya thelathini inaonyesha mlango wa hoteli ya Stockton wenye maandishi yanayowakataza Wafilipino kabisa. Wengi wa wazee wa Delano walifika wakiwa vijana enzi hizo. Sheria ya 1934 ikashusha idadi ya Wafilipino wanaoruhusiwa kuingia hadi 50 kwa mwaka, sheria ya jimbo ikawakataza kuoa wanawake weupe, wakazeeka wajane wa ndoa ambazo hazikufungwa. Manong, huwaita kwa heshima, kaka mkubwa. Wao ndio waliotoka shambani kwanza.

Usiku, Chávez akiwa amelala kwa uchovu, simu ililia. Wakili Sidney Korshak, kwa niaba ya Schenley, alitaka kuzungumza. Chávez alidhani ni utani, akakata. Simu ikalia tena. Akasafirishwa usiku huo huo kwa gari hadi Beverly Hills, mamia ya kilomita kusini, na makubaliano yakaandikwa: Schenley inakitambua NFWA, nyongeza ya senti 35 kwa saa kufikia dola 1.75, na vibarua kuajiriwa kupitia ofisi ya chama badala ya madalali wa kazi. Hilo la tatu ni zito kuliko linavyosomeka. Dalali ndiye aliyekata senti za usafiri, maji na chakula kutoka kwenye ujira, na ndiye aliyechagua nani apande lori alfajiri.

Mkataba ulikitaja NFWA pekee. AWOC, chama cha walioanza mgomo, hakikuwamo. Kidonda hicho kilibaki hata vyama viwili vilipoungana Agosti mwaka huo.

Lodi, Galt na mto

Habari iliwapita watembeaji na kufika miji ya mbele kabla yao. Mabango yaliyoandikwa "susia Schenley" yakafunikwa kwa rangi na kuandikwa upya kwa jina la DiGiorgio, mwenye shamba mkubwa zaidi aliyebaki. Waliojiunga njiani wakawa wengi kuliko nyumba za kuwalaza.

Siku ya 24, Aprili 9: West Sacramento

Usiku wa mwisho walikusanyika kwenye viwanja vya shule ya Bikira Maria wa Neema, upande wa magharibi wa Mto Sacramento. Kuba ya jengo la bunge inaonekana ng'ambo.

Siku ya 25, Jumapili ya Pasaka

Walivuka daraja asubuhi. Waliotembea tangu Delano bila kuacha, zaidi ya 50, waliwekwa mbele. Nyuma yao umati ukafikia takriban 10,000 mbele ya ngazi za bunge. Walikuja kumwomba Gavana Pat Brown aitishe kikao maalumu cha kutunga sheria ya kazi mashambani. Hakuwapo. Alikuwa Palm Springs na familia yake, nyumbani kwa Frank Sinatra, akila Pasaka. Mwaka huo alikuwa akiwania kuchaguliwa tena, na Novemba alishindwa na Ronald Reagan.

Hotuba zilitolewa kwa Kihispania na Kiingereza, watu wakala walichobeba, bango la Bikira likaegemezwa ukutani. Kisha magari na mabasi yakaanza kuwarudisha kusini. Shamba la DiGiorgio la Sierra Vista lilikuwa jirani na Delano, na mizabibu yake ilikuwa imeshatoa majani.